Lengo la chanjo la taifa lipimwe kwa wastani wa nchi au wilaya kwa wilaya?

Wadau naomba tulijadili hili. Kila nchi ina malengo ya kupunguza magonjwa yanayozuilika kwa chanjo, ripoti ikitoka tunaambiwa lengo limefikiwa, halafu baada ya muda surua inalipuka sehemu fulani na watu wanaulizana imetokea wapi.

Msimamo wangu ni kwamba wastani wa taifa unaficha watoto. Mgonjwa mmoja wa surua akiwa kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 mpaka 18, ndo maana wataalam wanataka angalau asilimia 95 wapate dozi zote mbili, na hiyo 95 iwepo pale pale watoto wanapoishi. Chukua wilaya 20 zenye watoto sawa, 19 zina asilimia 97 na moja ina 60, wastani unakuja 95 safi kabisa! Na surua itaua kwenye hiyo moja.

Kuna wenzetu wanasema dawa ni sheria, mtoto bila kadi iliyokamilika asiandikishwe shule. Jamani, shule mtoto anaanza na miaka sita hivi, wakati vifo vingi vya surua ni vya walio chini ya miaka mitano.

Halafu tuulize mtoto amekosaje chanjo. Chanjo ya surua sehemu nyingi inakuja kwenye chupa ya dozi 10, ikishachanganywa inadumu kwa muda wa saa 6 tu, inayobaki inatupwa. Sasa kliniki wamekuja watoto wawili, nesi anawaza nikifungua nane zitamwagika na nitaulizwa mimi, anamwambia mama rudi siku ya chanjo, mama ana vibarua vyake na nauli hana, harudi tena. Huyo kwenye ripoti ataitwa mzazi mzembe, inaniuma sana hii. Na WHO wenyewe wanashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

Kwa hiyo mimi nataka kila wilaya itangaze idadi ya watoto ambao hawajagusa hata dozi moja (lengo la dunia ni kuwapunguza kwa nusu ifikapo 2030), na bajeti ihesabu kabisa dozi zitakazomwagika ili nesi asiogope kufungua.

Mnaotetea kulazimisha, nijibuni kwanza hapo kwenye umri.