Mnaotuuzia programu za Linux, acheni kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) kwenye laptop zenu mpya halafu mnalaumu seva zetu!

Wakuu, leo nina hasira na nasema wazi.

Ofisi imenunua programu ya hesabu za ghala. Karatasi yao imeandika "Linux 64-bit", basi. Naiweka kwenye seva ya Ubuntu 20.04 (aina ya Linux), inagoma: GLIBC_2.34 haipo, yaani inadai toleo la 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ambayo programu za Linux huitegemea. Nampigia muuzaji, ananijibu, "Bosi, apgredi seva." Seva yenye data za kampuni nzima niibomoe kwa sababu fundi wake alikompaili kwenye Ubuntu 22.04?

Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, na 22.04 ina 2.35. Ndani ya glibc kila fankisheni (kijisehemu chenye kazi yake) ina lebo ya toleo, na ukikompaili, kwa kila fankisheni unayoitumia programu yako inabeba lebo yake mpya zaidi iliyopo kwenye mashine yako. Glibc 2.34 ya Agosti 2021 iliipa lebo mpya __libc_start_main, yaani fankisheni inayoiwasha programu yenyewe. Ndiyo maana hata kiprogramu cha C cha kuandika neno moja tu kwenye skrini, kikikompailiwa huko, hakiwaki kwenye 20.04, ingawa hakijatumia kitu chochote kipya! Wenye glibc siwalaumu hata kidogo. Lebo za zamani wanazitunza, ukijenga kwenye mfumo wa zamani programu inawaka mpaka kwenye mpya. Sasa mtu anayelipwa anashindwaje kujenga ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mashine) la Debian 11, Linux ya zamani yenye glibc 2.31?

Na hapo sijamaliza. Moduli yao ya ripoti inataka libssl.so.1.1, faili la OpenSSL 1.1 (maktaba ya kusimba mawasiliano), ambalo Ubuntu 22.04 haina kabisa, imehamia OpenSSL 3. Programu kuu inataka mfumo mpya, moduli yake inataka wa zamani, mzigo mmoja, ankara moja! Muuzaji ananiambia eti nitengeneze simlinki (jina la faili linaloelekeza kwenye faili jingine), jina la 1.1 lielekee libssl.so.3. Ile namba ya mwisho ilibadilishwa makusudi, kwa sababu matoleo hayo mawili hayaingiliani. Ukidanganya jina, programu itatafuta lebo ya OPENSSL_1_1_0 ndani, itaikosa, itagoma vilevile. Kuirudisha 1.1.1 yenyewe? Msaada wake wa bure uliisha Septemba 2023, matundu mapya ya usalama nani atayaziba?

Kabla ya kuuza, pitisha objdump -T (amri inayoonyesha lebo ambazo programu inazidai) kwenye faili lako, soma GLIBC kubwa kuliko zote, iandike kwenye karatasi ya mauzo. Hata dakika tano haimalizi.

Kuna aliyewahi kumbana muuzaji kwa mkataba aandike toleo la glibc? Weka hicho kipengele hapa, nakihitaji kabla hatujalipa awamu ya pili.