Aqua haibridi: kitabu kinasema 0W-20, fundi anataka 20W-50

Kimara_Posta

Habari wakuu. Gari ni Toyota Aqua ya 2013, haibridi (petroli na mota ya umeme), injini 1NZ-FXE, imetembea kilomita 128,000. Njia yake ni Kimara hadi Posta, foleni kwenda na kurudi. Kitabu kinataka 0W-20. Fundi anasema hiyo ni maji matupu, joto la Dar litaimaliza, bora 20W-50 kama gari nyingine zote. Madukani, mtaa wa Gerezani, kuna 0W-20, 5W-30, 10W-40, hadi za pikipiki. Gari haitoi moshi na oili haipungui kati ya sevisi. Niweke ipi, lita ngapi, na nimwage kila baada ya kilomita ngapi?

Spana14

Weka 0W-20 mkuu. Namba ya kabla ya W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, ya mwisho inaeleza ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo 0W-20 na 5W-20 zikishapata moto zina uzito ule ule, na hiyo "0" inayomtisha fundi haina uhusiano na joto la mchana. Injini ikipata moto, thamostati (vali inayoongoza maji ya kupoza) ndiyo inayoamua jotoridi lake. Nje kuwe na nyuzi 32 za Dar au 18 za Njombe, ndani hakuna tofauti ya maana.

Kinachotakiwa kumsumbua fundi ni namna haibridi inavyowaka. Injini ya kawaida inawaka mara moja asubuhi, basi. Hii yako kati ya Kimara na Ubungo inazima na kuwaka mara nyingi, na kila inapowaka mota ya umeme, MG1, inaizungusha hadi karibu mizunguko 1,000 kwa dakika kabla petroli haijaanza kuchomwa. Inatoka sifuri kwenda kasi hiyo kwa kufumba na kufumbua, na mara nyingi haijapata moto wa kutosha kwa sababu imekaa imezimwa. Kwenye nyuzi 40, 20W-50 ni nzito karibu mara nne kuliko 0W-20. Inachelewa kufika kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali) na kwenye VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa vali), inayofanya kazi kwa presha ya oili hiyo hiyo, na petroli unayotumia inaongezeka. Haibridi ulinunua ili uokoe mafuta, halafu uyarudishe kwa mlango wa oili?

Gereji_Tabata

Nakubaliana na Spana14, ila nimjibu kuhusu lita maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Aqua inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Galoni ni lita 4. Fundi anamimina yote kwa sababu "imeshalipiwa". Oili ikipita alama ya juu, krenkshafti inaipiga inakuwa povu, na mvuke wake unapanda kupitia vali ya PCV (ya kutoa mvuke ndani ya injini) hadi kwenye njia ya hewa. Bakiza, funga kifuniko, iwe ya kuongezea. Mwenye Prius ya ZVW30, injini 2ZR-FXE, yeye ni lita 4.2, galoni haimtoshi.

Kabla ya kumwaga, injini ipate moto. Kwa haibridi haitoshi kuiacha iungurume, maana itajizima yenyewe. Bonyeza Power mara mbili bila kukanyaga breki. Ndani ya sekunde 60: ukiwa P kanyaga mafuta hadi chini mara mbili, shika breki uweke N ukanyage mara mbili, rudi P ukanyage mara mbili tena. Ikiandika MAINTENANCE MODE, kanyaga breki na uwashe, itaunguruma mfululizo. Usitembee nayo katika hali hiyo.

Baada ya dakika chache zima kabisa, taa ya READY isiwepo, na funguo iwe mbali na gari. Ukiacha READY injini inaweza kuwaka yenyewe mkono wa fundi ukiwa chini.

Nati ya kumwagia ni spana 14, iko upande wa dereva kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Upande wa abiria, chini ya inveta (kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uende kwenye mota), ni gia boksi. Ikitoka oili nyekundu umefungua pasipo pake, na hiyo ni ATF WS, oili ya gia ya Toyota, si oili ya CVT ya kawaida, hata kama mwenye duka anakuapia. Weka washa (pete ya nati) mpya, kaza takribani Nm 37, usisimame juu ya spana. Kagua kama raba ya filta ya zamani imebaki kwenye bloku. Zikiwa raba mbili, itavuja ukishaiwasha tu. Filta mpya paka oili kwenye raba, ikigusa kaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko. Kijiti kipime dakika tano baada ya kuzima, gari likiwa sehemu tambarare.

Mzee_wa_Torque

Mimi sikatai 0W-20, ila msiifanye dini. Aqua au Prius iliyoanza kula oili, mathalani nusu lita kila kilomita 1,000, ipeleke 5W-30 na uishie hapo. Kwenye vitabu vya masoko mengine ya nje ya Japani, Toyota wenyewe wanairuhusu 5W-30 kwa injini ya 2ZR-FXE. Hiyo haitaponya ringi za pistoni zilizoganda, itapunguza kasi tu.

Angalia pia mgongo wa galoni. Tafuta kiwango cha ubora cha API SP, au SN ikikosekana, na alama ya ILSAC, ambayo nayo ni ya ubora. Ile ya pikipiki yenye JASO MA achana nayo, imetengenezwa isiteleze sana ili klachi inayoogelea kwenye oili ishike. 0W-16 nayo si ile inayotakiwa na kitabu chako.

Kumwaga: Japani wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu yake kwa matumizi magumu. Vumbi na safari fupi za Dar ni matumizi magumu, kwa hiyo 7,500 au miezi sita, kinachotangulia. Oili isiyo na uhakika, 5,000.

Kimara_Posta

Asanteni wakuu. Nimefungua kifuniko cha kumiminia, kuna utando mweupe kama maziwa ya mgando. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, maji yanaingia kwenye oili?

Spana14

Si lazima. Vuta kijiti kwanza. Kijiti kikiwa safi na utando uko kwenye kifuniko tu, ni unyevu ulioganda kwa sababu injini haikai moto muda mrefu. Siku moja mpe barabara ya Bagamoyo dakika 40 bila kusimama, kisha futa na uangalie tena. Kijiti nacho kikiwa na maziwa, au chupa ya maji ya injini inashuka, au asubuhi inawaka kwa kutetemeka na kugonga, usiendeshe. Peleka wapime presha ya mfumo wa kupoza. Chupa zipo mbili. Ile ya inveta haihusiani na gasketi, usiisome kimakosa.