Kripto inakatwa kodi. Ukidhulumiwa, unamlilia nani?

Binti wa Chumbageni (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naomba tujadili jambo moja bila kurushiana matusi: sarafu za kidijitali hapa kwetu zinatambulika au hazitambuliki?

Nauliza kwa sababu serikali imeshajibu zaidi ya mara moja, na majibu hayafanani. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba fedha halali nchini ni shilingi tu, na kwamba kuuza, kunadi au kutumia sarafu za mtandaoni ni kwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, akaitaka Benki Kuu hiyo hiyo ianze kujiandaa, mambo haya yasije yakaikuta haijajipanga. Halafu ikaja Sheria ya Fedha ya 2024: kuanzia Julai 1 mwaka huo, anayelipwa kwa kuhamisha mali ya kidijitali anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 3, na mwenye jukwaa la mtandaoni linalotumika kuzihamisha ndiye mkataji. Sasa mtu anayeanza leo ashike lipi?

Mimi ndiye huyo anayeanza. Naishi kwa kuandika na kutafsiri, na baadhi ya wateja wangu wako ng'ambo. Kazi zenyewe ni ndogo ndogo. Ukitumiwa dola 40 kwa benki, makato ya njiani yanakuachia hela ya chapati. Mteja mmoja akaniambia yeye analipa kwa USDT, ile sarafu ya kampuni ya Tether inayofungwa na dola, moja kwa moja. Sikutafuta utajiri, nilitaka ujira wangu.

Nikaanza kusoma, na kusoma kwenyewe kunatisha. Unapewa maneno 12 ya Kiingereza, ndiyo ufunguo wa pochi yako ya sarafu, uyaandike kwenye karatasi. Karatasi ikiungua, au mtu akiiona, ndiyo basi. Sarafu ile ile inasafiri kwa mitandao tofauti, na ukichagua mtandao usiosomwa upande wa pili, hela inatua pasipo na mtu wa kuichukua. Kwenye pesa za simu ukikosea namba kuna huduma kwa wateja. Utasubiri, utabembeleza, lakini kuna binadamu. Huku hakuna. Na kila ukijiunga na kundi la kujifunza, hakosi mtu wa kukuandikia faraghani, mpole kama mchumba mpya, anataka "kukusaidia kuthibitisha pochi yako".

Hayo yote nayaweza, ni kujifunza tu. Kilichonishinda ni hiki. Niliuza USDT zangu kwa P2P, yaani mtu kwa mtu: jukwaa linazishikilia mpaka mnunuzi alipe kwa simu. Jina la mlipaji nililikagua, lililingana. Salio likasoma. Nikaachia. Baada ya siku kadhaa laini yangu ikafungiwa huduma za fedha: kuna mtu amelalamika kwamba katapeliwa, na hela yake imepita kwa yule mnunuzi ikaingia kwangu. Nikaenda dukani kwao. Kijana wa dirishani akaniuliza, bila ubaya wowote, "Dada, hizi fedha zilikuwa za nini?"

Hapo ndipo nataka mnijibu. Nikisema nimeuza USDT, nimejipeleka mwenyewe kwenye tangazo la 2019. Nikisema ni malipo ya kazi, nimesema kweli nusu, na ile nusu niliyoificha ndiyo ushahidi wangu: risiti ya jukwaa, maongezi na mnunuzi, kila kitu. Laini ilifunguliwa baadaye, sina kinyongo na mtu. Lakini nchi gani hii, mtu anasimama na ushahidi wake mkononi anaogopa kuutoa?

Msimamo wangu: anayekata kodi afungue na dirisha la malalamiko. Wanaonunua na kuuza wapewe leseni, na polisi wapewe utaratibu wa kupokea kesi hizi bila kumgeuza mlalamikaji kuwa mtuhumiwa. Kenya, hapo ukishavuka Horohoro tu, 2025 wametunga sheria inayoipa Benki Kuu yao na mamlaka ya masoko ya mitaji kazi ya kutoa leseni. Sisi tunasubiri nini?

Mzee wa Barabara ya Kumi

Marahaba binti yangu, na pole kwa laini. Ila dawa unayoiomba mimi naiogopa kuliko maradhi.

Ninyi wa juzi hamkuiona DECI. Mpaka 2009 watu wazima, wacha Mungu, walikuwa "wanapanda mbegu" na kusubiri mavuno. Mbegu ya aliyekuja nyuma ndiyo ilikuwa mavuno ya aliyetangulia. Wala haikufanyika uchochoroni. Watu walipanga foleni mchana kweupe. Kilichowatoa wasiwasi ni kuona mambo yanakwenda kiofisi. Leo mkimpa mtu wa kripto karatasi yenye nembo ya serikali, ataitundika ukutani, na kesho yake mama zetu wanauza mbuzi.

Na msinitajie wazungu. FTX, lile soko kubwa la kripto, ilikuwa na leseni katika nchi kadhaa. Novemba 11, 2022 ikaomba kufilisika, na mwenyewe, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa miaka 25 Machi 2024. Leseni ilizuia nini?

Mwenye akiba Tanga ana pa kuiweka. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, waliuza hatifungani ya kijani wakilenga shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hela yako inageuka bomba la maji, unaliona linapita. Hizi sarafu zenu nyingi ni waja leo waondoka leo.

Dalali wa Ngamiani

Mzee shikamoo. Dada hakuja na akiba, kaja na ujira. Hatifungani haitamsaidia kupokea dola 40 kutoka Ulaya.

Mimi nakula kwa P2P, kwa hiyo nasema ninachokijua. Leseni siikatai. Kodi hii ndiyo inatuua, kwa sababu inakatwa kwenye malipo yote, haitazami faida. Nikinunua USDT za milioni moja nikaziuza kwa milioni moja na elfu kumi, hapo nimemshukuru Mungu. Asilimia 3 yake ni zaidi ya elfu thelathini. Nalipa kodi mara tatu ya faida! Matokeo mnayaona: watu wanakimbia majukwaa yanayoshikilia sarafu, wanakwenda kuuziana kwenye magrupu ya WhatsApp kwa kuaminiana tu. Na huko ndiko zinakosafishwa hela za wizi, mpaka zinamfikia mtu kama huyu dada.

Dada, mawili ya bure. Ukinakili anwani ya pochi unayotumia sarafu, linganisha herufi za mwanzo na za mwisho kabla ya kutuma. Kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili na wewe huna habari. Na mnunuzi mwenye akaunti ya juzi, hata jina lilingane vipi, mwache apite.

Mwenyekiti wa kikoba, Makorora

Mnabishana kisomi. Sisi huku hatuijui hiyo FTX. Kwetu kripto ni ile ya kualika.

Jirani yangu alileta app kikobani: weka elfu hamsini, unalipwa kila siku, ukileta watu watatu unapanda daraja. Sarafu yao ina jina zuri na picha ya simba. Nikamuuliza, shoga, hii sarafu nikiitaka kwingine, nje ya app yenu, naipata? Akasema inapatikana humo humo tu. Nikamwambia, basi kunywa chai uende. Mwanangu akanieleza baadaye kwamba OneCoin ilikuwa hivyo hivyo. Haikuwa na daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua, kama lile la Bitcoin. Bei walikuwa wanaiandika wenyewe. Na yule mama aliyeianzisha, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017.

Kwa hiyo mzee wangu, hapo tunaachana. Serikali ikinyamaza, yule wa simba na huyu binti mwandishi wanaitwa jina moja. Mimi nataka orodha. Mtu akija kikobani nimtafute, jina lake lipo au halipo, tuendelee na mengine.

Ustadh wa Pangani

Assalaam aleikum. Mzee wangu, hiyo asilimia 13.5 wengine hatuigusi, kwetu ni riba. Kwa hiyo usiseme kila mwenye akiba ana pa kuiweka.

Na hawa wa sarafu nao wasifurahi mapema. Mufti Mkuu wa Misri alitoa fatwa Januari 2018 kwamba biashara ya Bitcoin ni haramu, na Baraza la Maulamaa la Indonesia likaiharamisha kutumika kama fedha Novemba 2021, kwa ajili ya gharari, yaani biashara yenye utata usiojulikana mwisho wake, na madhara. Wapo wanazuoni walioruhusu kwa masharti. Ninachokiona mimi ni kwamba kupokea ujira wako na kuubadilisha papo hapo kuwa shilingi si sawa na kununua sarafu yenye picha ya mbwa ukakesha unaomba ipande. Dalali, wewe unauza vyote viwili?

Dalali wa Ngamiani

USDT tu, Ustadh. Ya mbwa niliacha.

Mzee wa Barabara ya Kumi

Ustadh, kwa riba nimekuelewa, naiondoa hiyo hoja.

Lakini orodha ya mama, nani ataisoma? Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya app na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na kibali. Watu wameacha kukopa kausha damu? Tunajua jibu.

Binti wa Chumbageni

Mzee wangu, kukopa hawajaacha. Ila anayesumbuliwa leo, picha yake inarushwa kwa ndugu zake wote, akienda kulalamika ana karatasi ya Benki Kuu inayosema yule mkopeshaji hana kibali. Anaanza akiwa upande wa sheria. Mimi nilipokuwa pale dirishani sikuwa na upande.

Kuhusu FTX, kuna kipande umekiruka. Mwaka 2014 soko la Bitcoin lililokuwa Tokyo, Mt. Gox, lilianguka na kusema limepoteza Bitcoin zipatazo 850,000. Japan ikatunga sheria, ikaanza kutumika 2017: masoko yasajiliwe, na mali za wateja zitengwe na mali za kampuni. FTX ilipokufa, wateja wa tawi lake la Japan walianza kutoa mali zao Februari 2023, huku wenzao wengi duniani wakiwa bado wanasubiri mahakama. Kampuni ni ile ile, mwizi ni yule yule. Kilichotofautiana ni leseni ilidai nini. Ile ya karatasi ya kutundika ukutani hata mimi siitaki.

Wala siombi nilindwe na bei. Bitcoin ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021, mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 16,000. Aliyenunua kileleni hilo ni shauri lake, na serikali iseme hivyo waziwazi. Ninachoomba ni vitu vya kawaida kabisa: anayeshika hela za watu ajulikane ofisi yake, na hela ikibishaniwa pawe na mtu wa kutusikiliza sote, mimi na yule aliyetapeliwa. Maana na yeye nimemfikiria sana. Hela yake ni halali, na yangu ni halali. Aliyekula ni wa katikati, na ndiye pekee ambaye hakuitwa dukani.

Kwa Dalali nakubali: kodi ikatwe kwenye faida, si kwenye kila muamala. Hoja yako ya WhatsApp imenibadilisha. Nilidhani asilimia 3 ni ndogo kwa sababu mimi nauza mara chache.

Ila nikuulize na wewe. Tuseme leseni inakuja, ya bei ambayo wakala wa kawaida wa pesa za simu anaimudu, lakini kwa sharti la kutunza kumbukumbu za kila mteja na kuzitoa polisi wakizitaka kwa hati. Utaichukua?

Dalali wa Ngamiani

Kumbukumbu ninazo hata sasa, daftari zima. Wakinipa na namba ya kupiga laini ya mteja wangu ikifungwa, naichukua. Lakini hiyo hati itoke mahakamani, isiwe afande kapita tu dukani na njaa zake.

Mzee wa Barabara ya Kumi

Hilo la hati ya mahakama mliandike la kwanza kabisa. Mimi bado sijakubali, lakini mliandike.