Mzee anawaambia majirani sina kazi, na luku nalipa mimi

Mtoto_wa_Ngamiani:
Wadau habari zenu. Nina miaka 29, nakaa na wazazi hapa Ngamiani, kazi yangu kuediti video za watu wa Dar na Mombasa, nafanya usiku maana mchana intaneti inasuasua na makelele kibao. Sasa mzee wangu alikuwa fundi wa korona shamba la mkonge njia ya Muheza, kwake kazi ni ile unatoka saa kumi na moja alfajiri unarudi unanuka maji ya mkonge. Akinikuta nimelala saa nne anafungua dirisha makusudi. Juzi kaniletea jamaa eti ana mtu wake kwenye bomba la mafuta Chongoleani, nikalinde geti. Luku mimi, dawa zake za presha mimi, ila kwenye bao nasikia "huyu wa mwisho bado hajapata kitu". Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

pweza_nchikavu:
Korona tena?? 😂

Mtoto_wa_Ngamiani:
Mashine ya kuchakata mkonge mkuu, watu wa Dar bwana

MamaWawili:
Pole mdogo wangu. Hizo hela unampa nani?

Mtoto_wa_Ngamiani:
Namrushia mama kwenye simu

MamaWawili:
Si ndo hapo sasa. Yeye anaona mama ndo analisha nyumba. Katoe kwa wakala, umpe mwenyewe mkononi.

Babu_Chumbageni:
Mwanangu mie nina 73, nikwambie ya upande wetu. 1964 nchi hii ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000, Tanga ndo ilikuwa Tanga. 1967 mashamba yakataifishwa, kamba za nailoni nazo zikaua bei, miaka ya 90 inaisha tuko kwenye tani 20,000 hivi. Watu wana barua ya ajira na nyumba ya shamba, wakaamka korona imenyamaza. Kazi yenye geti na meneja imemfia baba yako mikononi, wewe wamwambia unayo isiyo na geti kabisa, atalala? Hakudharau, anaogopa. Mwite usiku akuone.

kidosho_wa_raha:
Mi nakataa, hama tu. Miaka 29 unafunguliwa dirisha kama mwanafunzi!

Mtoto_wa_Ngamiani:
Mrejesho. Hela nimempa mkononi, kazihesabu mara mbili, katia mfukoni, kimya. Jana usiku nikamwita akakaa na mimi mpaka saa nane, nakatakata harusi ya watu, kila nikifuta kipande anauliza "na hicho mbona mnatupa?" nikamwambia ni makapi baba kama yale ya korona. Akacheka weee, akasema jani zima la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, mengine yote yanamwagwa. Leo nimeamka saa nne mwenyewe, dirisha limefungwa, nje namsikia anawafokea wa bao "punguzeni sauti, huyu yuko zamu ya usiku".