Kusi la mwezi wa saba: tanga gani, na lipunguzwe vipi?

Mkunguni
Wakuu, salaam. Chombo ni cha mlingoti mmoja, mita 11, tuko watu wawili, kutoka Kilifi kwenda Tanga mwezi wa saba. Tanga kuu lina mikunjo miwili (hatua za kulipunguza). Mbele kuna jenoa (tanga kubwa la mbele) ya kuviringisha, tanga la dhoruba hakuna. Kusi (upepo wa kusini) linatabiriwa noti 20 hadi 25 (kilomita 37 hadi 46 kwa saa). Jenoa ikiviringishwa ikabaki kipande tu, itatosha? Na kwenye tanga kuu, kamba ipi huanza?

FundiMatanga
Kipande hakitoshi. Jenoa huvumilia kupunguzwa theluthi hivi. Ukizidisha, tumbo la tanga linabaki nene, na chombo kinalala ubavu badala ya kubisha (kwenda dhidi ya upepo). Kila unapoviringisha sogeza kapi la demani (kamba ya kuongozea tanga) mbele, la sivyo sehemu ya juu itapepea hadi ichanike. Kagua pia kamba ya kuviringishia pale inaposuguana: ikikatika, jenoa nzima inafunguka kwa mkupuo, na haikatiki siku ya shwari.

Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo wake. Kutoka noti 20 hadi 28 tu, mzigo kwenye tanga umekuwa maradufu.

Shonesha tanga dogo la mbele. Pima kimo kutoka sitaha hadi stei ya mbele (waya unaoshikilia mlingoti) inapofungwa mlingotini. Tuseme ni mita 13: mraba wake ni 169. Kanuni za mashindano ya bahari kuu zinataka tanga la upepo mkali lisizidi asilimia 13.5 ya hapo, karibu mita za mraba 23, na la dhoruba lisizidi asilimia 5, yaani 8 na nusu. Safari hii inahitaji lile la 23. Lifungiwe stei ya pili, ya ndani, inayoondolewa. Ukitegemea mfereji ambamo jenoa huchomekwa, itabidi kwanza uifungue yote ndipo uishushe, katika upepo uleule unaoukimbia.

Omo_na_Tezi
Tanga kuu, kwa mpangilio huu: legeza demani na kamba inayovuta bumu (mti wa chini wa tanga) chini. Kaza kamba inayoshikilia ncha ya bumu, lisije likaanguka sitahani. Shusha henza (kamba ya kutweka tanga) hadi alama (itie kwa uzi wa rangi mkiwa bandarini). Ingiza jicho la mbele la mkunjo kwenye ndoano. Sasa kaza henza kwa winchi, kaza kwelikweli, ndipo uvute kamba ya jicho la nyuma mpaka ligusane na bumu.

Wengi huvuta nyuma kabla ya henza. Hapo ukingo wa mbele haupandi tena, na tanga linabaki na makunyanzi na tumbo.

Vile vikamba vya katikati, vinavyofunga kitambaa kilichokunjwa, si vya kubeba mzigo. Vipitishe chini ya kitambaa tu, visizunguke bumu, na vifungwe fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Wakati wa kurudisha tanga, vinafunguliwa kwanza vyote. Kimoja kikisahaulika, henza itapasua tanga kuanzia hapo.

Mkunguni
Ahsanteni. Mkunjo wa tatu una haja?

FundiMatanga
Ndiyo, na uwe wa kina: upunguze urefu wa ukingo wa mbele kwa asilimia 40 au zaidi. Kitakachobaki ni zaidi kidogo ya theluthi ya tanga. Mafundi wengine huuweka juu kidogo tu ya wa pili; huo ni kupoteza kitambaa.

Mzee wa Foromali
Majahazi yetu hayakunji. Foromali (mti unaobeba tanga) inatuliwa, tanga kubwa linafunguliwa, linafungwa dogo, linatwekwa tena. Kazi ya watu wengi, kwa hiyo nahodha huamua mapema, bahari ikiwa bado inakubali. Wewe mwenye watu wawili ndiyo usingoje kabisa.

Halafu, bwana, Kilifi kwenda Tanga mwezi wa saba ni kubisha kusi usoni, na mkondo nao unakwenda kaskazini. Mkondo wa Pemba hufika noti 3 au 4. Chombo cha noti 5 kinachobisha kwa pembe hakitasogea. Kama hakuna haraka, ngoja kaskazi (upepo wa kaskazini) lishike, mwezi wa kumi na mbili, ushuke nalo.

Omo_na_Tezi
Asipongoja, mkunjo wa kwanza aufunge hapohapo nangani. Kuufungua baharini ni dakika mbili.