Mabaki ya mafuta ya zeituni katika chakula cha kuku wa nyama: ni yapi hasa, na sisi huku tutumie nini?

Mfugaji wa Boma Ng'ombe (muuliza swali)

Salamu kwenu wafugaji wenzangu. Nafuga kuku wa nyama 400, na chakula nachanganya mwenyewe kwa mahindi yaliyobarazwa, soya, mashudu ya alizeti, dagaa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Kuanzia wiki ya nne kuku wangu wanakula sana lakini uzito haupandi inavyotakiwa, nami nashuku kwamba mashudu yameshusha nguvu ya chakula. Nimesoma kwamba huko Hispania na Italia mabaki ya viwanda vya mafuta ya zeituni hutiwa katika chakula cha kuku badala ya mafuta safi. Je, ni mabaki gani hayo? Na kwa kuwa mafuta ya parachichi yanafanana na ya zeituni, naweza kutumia makapi ya parachichi ambayo jirani yangu hupewa bure?

Mchanganyaji, Njiro

Ndugu yangu, neno "mabaki" hapo limebeba vitu viwili vilivyo mbali sana. La kwanza ni makapi yenyewe, yaani maganda, nyama ya tunda na kokwa zilizosagika. Haya yana nyuzinyuzi nyingi na maji mengi, na kwa kuku yatapunguza nguvu ya chakula badala ya kuiongeza. La pili ni mafuta yanayopatikana baadaye: makapi hukaushwa, mafuta yaliyosalia hutolewa kwa kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kisha husafishwa ili yaliwe na watu, na katika kusafisha huko hutoka mafuta machafu yenye asidi huru nyingi, yaani asidi za mafuta zilizojitenga na mafuta mazima, wakati mwingine zaidi ya nusu ya uzito wake. Hayo ndiyo yanayowavutia watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa sababu ni nafuu na asidi yake kubwa ni ya oleiki, ambayo kuku huimeng'enya vizuri kuliko asidi za mafuta magumu.

Lakini umri wa kuku una uzito hapa. Kifaranga wa wiki mbili za kwanza ana nyongo kidogo, na mafuta yaliyokwisha kuvunjika kuwa asidi huru hayamfai kama mafuta mazima, kwa maana yamekosa sehemu ile inayosaidia mafuta kuchanganyika na maji ya utumbo. Kwa hiyo hata wenye zeituni zao huona ni busara kuyatumia zaidi kwa kuku waliokwisha kukua.

Mama Vifaranga, Tengeru

Naomba nikatishe hapo kwenye parachichi, maana hilo ndilo linalonitia hofu. Parachichi lina sumu iitwayo persini, ambayo huwadhuru ndege kwa kuharibu misuli ya moyo, na imo katika majani, maganda na kokwa, ambavyo ndivyo hivyo hivyo vinavyojaa kwenye makapi. Kuku ni wagumu kidogo kuliko kasuku, lakini mimi siwezi kuwawekea kuku 400 kitu hicho kwa sababu tu ni cha bure. Kufanana kwa mafuta hakuhalalishi makapi.

Mfugaji wa Boma Ng'ombe

Asante sana, dada. Jirani nitamshukuru, makapi yabaki kwake. Basi nikinunua mafuta ya alizeti ya kawaida, nitie kiasi gani, na yatanisaidia kweli?

Mchanganyaji, Njiro

Yatasaidia, na hesabu yake ni hii. Kilo moja ya mafuta ya mimea humpa kuku takribani kilokalori 8,800, wakati mahindi humpa kama 3,300. Ukitoa kilo 3 za mahindi katika kila kilo 100 na kutia kilo 3 za mafuta, unapata nyongeza ya kilokalori 165 hivi kwa kila kilo ya chakula. Ila usisahau kwamba kuku mwenye chakula chenye nguvu hula kidogo, kwa hiyo soya nayo ipande kidogo, la sivyo utapata kuku wenye mafuta tumboni na kifua chembamba.

Jambo jingine: mafuta ya mwili wa kuku hufuata mafuta aliyokula. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki nyingi, hivyo mafuta ya kuku yatakuwa laini na yatachacha upesi kuliko ya kuku waliolishwa zeituni, jambo ambalo mnunuzi wa hoteli ataliona kabla yako ikiwa nyama itakaa kwenye jokofu.

Mama Vifaranga, Tengeru

Naongeza la mikono tu. Usinunue mashapo ya chini ya pipa kwa sababu ya bei, na mafuta yenye harufu ya kuchacha yakatae hapo hapo. Changanya mafuta kwanza na kilo chache za mahindi hadi yasiwe na madonge, ndipo uingize kwenye rundo kubwa. Na chakula hicho kitengeneze cha wiki moja moja, kwani joto la bandani hukiharibu haraka. Anza na kilo 2 kwa 100, kuanzia siku ya 22, upime kuku kumi kila wiki uone.