Mnatoa themostati, kisha mnatuuzia chupa ya "kusafisha injini". Huu ni upigaji

Kompresheni15 (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye, leo nimekasirika.

Chukua risiti yoyote ya servisi ya Vitz, IST au Premio uisome. Oili, filta, ufundi, halafu mstari wa nne: "tritimenti". Mwenye gari hajaiomba wala hajaulizwa, na imeshamwagwa. Akifika sheli, kijana wa pampu kabla hajafunga tenki anachomoa kichupa kingine: "Bosi, hii inaongeza kilomita." Gari likianza kutoa moshi, dukani anapewa chupa ya tatu, nzito kama asali, ya "kukata moshi". Gari moja, chupa tatu, na ugonjwa uko palepale.

Kwanza, kopo la oili lenye alama ya API SP (daraja la ubora wa oili ya injini) si mafuta matupu. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 25 ya kilichomo ni viongezi tayari: sabuni za kalsiamu na magnesiamu za kuosha, kemikali za kushika masizi yasigandamane, ZDDP (zinki na fosforasi) ya kukinga chuma kinaposuguana na chuma, polima za kushikilia uzito wa oili ikipata moto, na silikoni kiduchu ya kuua povu. Vyote vimepimwa kwa pamoja, kwa uwiano wake. Oili nyepesi kama 0W-20 na 5W-30 zimewekewa fosforasi kati ya asilimia 0.06 na 0.08 tu. Ikipungua hapo vyuma vinalika, ikizidi inaungua na kwenda kupaka masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi) mpaka yanakufa. Na kwenye injini za turbo zinazopuliza petroli ndani ya silinda, kalsiamu ikizidi inachochea mlipuko wa kabla ya wakati unapokanyaga mafuta injini ikiwa mzunguko mdogo, na huo unapasua pistoni. Ndiyo maana watengenezaji walipunguza kalsiamu wakaongeza magnesiamu. Sasa mtu anakuja na chupa ambayo haijaandikwa hata kilichomo, anamwaga juu ya hesabu ya watu.

Piga hesabu. 1NZ-FE, injini iliyo kwenye Vitz na IST nyingi, inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta. Chupa ya mililita 443 ni asilimia 12 ya oili yote. Fundi hapunguzi oili ili kuipa nafasi, anamimina juu yake. Kijiti kinasoma juu ya F, krenki inaanza kuikoroga oili kama mwiko kwenye uji, povu linaingia kwenye pampu, na VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka) inayotegemea presha ya oili inapokea hewa. Taa ya injini ikiwaka na kodi (namba ya hitilafu) P1349 au P0011, mnauziwa sensa.

Zile za "kupaka injini utando" ndizo zinazonichekesha. PTFE, ile ya vikaango, inayeyuka nyuzi 327. Oili ndani ya sampu inazunguka kwenye nyuzi 100 hivi. Itashikaje kwenye ukuta wa silinda? Haishiki, inaelea, na inayokusanyika inanaswa na filta. Marekani tume ya biashara, FTC, iliwashtaki wenye Slick 50, chupa ya namna hiyo, mwaka 1996 kwa kutangaza madai yasiyo na ushahidi, na 1997 shauri likaisha kwa makubaliano. Leo hadithi ileile inauzwa huku kwa lebo nyingine.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifungue uzi: themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta injini ikiwa baridi.

Gari likichemsha mara moja tu, fundi anaitoa themostati na kuitupa. "Huku kwetu joto, haina kazi." Ya 1NZ inafunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto hilo haraka na kuizuia isishuke. Bila hiyo maji yanazunguka rejeta tangu sekunde ya kwanza. Kompyuta inaona injini bado baridi, inaendelea kuongeza petroli. Petroli isiyoungua vizuri inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka kwenye sampu. Mvuke wa maji nao, ambao ungefukuzwa na joto, unabaki. Fungua kifuniko cha oili kwenye tapeti kava: chini yake utakuta kitu kama mtindi uliotiwa chai. Baada ya miezi mtindi unageuka lami.

Ona mzunguko wa biashara. Gari linakula mafuta: uziwe chupa ya tenki. Oili imekuwa lami: uziwe chupa ya kuflashi. Ringi zimelika kwa sababu ukuta umeoshwa na petroli: uziwe chupa ya moshi. Chanzo cha yote ni kipande kimoja kinachokaa kiganjani, alichokitupa fundi yuleyule.

Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu tu, nayo inazimika mapema mno kabla injini haijafika joto la kazi. Usiiamini. Chomeka mashine ya kusoma kodi, angalia joto la maji gari likiwa barabarani: linatakiwa litulie kati ya 80 na 95. Likishuka hadi sitini na kitu kwenye mteremko, themostati haipo au imekwama wazi. Huna mashine? Washa injini ikiwa baridi, shika hozi ya chini ya rejeta (jihadhari na feni). Inatakiwa ibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto ghafla. Ikipanda joto polepole tangu mwanzo sambamba na injini, umeshajua.

Na kuflashi, yaani kuosha injini kwa ndani: unamimina chupa kwenye oili, unaacha injini sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa) dakika 5 hadi 10, kisha unatoa oili yote. Kwa injini safi umefanya kazi bure. Kwa injini yenye lami umefanya hatari. Chini ndani ya sampu kuna strena, wavu mdogo ambao pampu inavuta oili kupitia kwake, matundu yake kama ya kichujio cha chai. Kemikali haiyeyushi lami yote, inaibandua vipande. Vipande vinavutwa kwenye wavu na kulala juu yake kama majani ya chai. Injini ikiwa sailensa huoni kitu. Ukishika barabara, pampu inataka oili nyingi na haiipati, taa nyekundu inapepesa, beringi zinakauka. Ukisikia injini inagonga chini, umechelewa.

Lami ikiwa nyepesi: weka oili nzuri ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari, badilisha na filta kila kilomita 1,500 hadi 2,000, mara mbili au tatu. Ikiwa nene: shusha sampu, osha strena, rudisha kwa uzi mwembamba wa silikoni, milimita 3 hadi 4. Ukipaka kama unapaka siagi, ziada inakatikia ndani na kwenda kuziba strena ileile uliyoiosha.

Nawasilisha. Wenye maduka karibuni mjitetee.

---

PlagiNyekundu

Umewapa mkuu. Niongezee la petroli.

Vitz, IST, Ractis na wenzao wametengenezwa wanywe petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 89. Sheli zetu petroli iko juu ya hapo. Kuongeza chupa ya oktani kwenye injini ya namna hiyo ni kumvalisha viatu namba 10 mtu wa namba 7. Halafu someni lebo vizuri: "inaongeza pointi 3". Pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Yaani 93 inakuwa 93.3.

Nyingi zina manganizi au chuma (MMT, ferosini). Chomoa plagi baada ya matenki kadhaa: kaure nyeupe kwenye ncha imekuwa nyekundu ya matofali. Ule utando unapitisha umeme, cheche inateleza pembeni badala ya kuruka, injini inaanza kumisi. Utasikia "koili imekufa".

Petroli ikiwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, injini itagonga kweli ukipanda mlima. Hapo pia chupa haisaidii. Mwaga tenki, na risiti peleka EWURA, wasimamizi wa nishati Tanzania. Mafuta yanawekewa vinasaba (alama ya kemikali) tangu 2010, mchanganyo unapimika.

---

Nozeli Safi

Mleta uzi, themostati nakuunga mkono mia kwa mia. Lakini umefagia zote kwa ufagio mmoja na hilo si sahihi. Kuna kemikali moja inayofanya kazi: PEA, poliitaamini. Inang'oa kaboni kwenye nozeli na kwenye migongo ya vali za kuingiza hewa. Masharti:

1. Lebo itaje PEA. Ikiandika tu "nguvu ya ajabu" ni mafuta ya taa yenye rangi.
2. Chupa ya mililita 300 hivi kwa tenki la lita 45 hadi 60. Mimina kwanza, kisha jaza petroli ichanganyike. Endesha safari ndefu mpaka tenki likaribie kuisha.
3. Fanya hivyo *kabla* ya kubadilisha oili, si baada. Sehemu yake inapenya kwenye ringi na kuingia kwenye oili.
4. Mara moja kwa kilomita 10,000 inatosha.

Na inafanya kazi pale tu nozeli inapopuliza nyuma ya vali, kama 1NZ, 1ZZ, 2AZ. Wenye Noah na Voxy za D-4, injini ya 1AZ-FSE, petroli yenu inaingia moja kwa moja kwenye silinda, haipiti kwenye vali kabisa. Kaboni ya vali inabaki hata mkimwaga katoni nzima. Hiyo inatoka kwa kufungua menifoldi na kukwangua.

---

Kompresheni15

@Nozeli Safi nimekubali, PEA niliipuuza. Ila wewe nawe umekiri ni kwa kaboni ya nozeli na vali. Anayeuza anasema "inaongeza kilomita 3 kwa lita". Injini nzima inachoma zaidi ya asilimia 95 ya petroli inayopewa. Hasara kubwa inatoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi, na chupa haigusi huko. EPA, shirika la mazingira la Marekani, imekagua vifaa na dawa za kupunguza mafuta zaidi ya 100, haikukuta hata moja inayopunguza kwa kiasi cha maana. Pima upepo wa matairi, badilisha filta ya hewa, nyanyua gari uzungushe kila tairi kwa mkono uone breki isiyoachia. Nozeli ndiyo ifuate.

---

Mama Tenki

Na dizeli je? Watu wanachanganya oili ya pikipiki ya mzunguko wa viboko viwili humo.

---

Nozeli Safi

Dada, kwa pampu za zamani kama za 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser, wengi wanafanya, na hazilalamiki. Kwa D-4D, dizeli mpya za Toyota, acha. Nozeli zile zinafanya kazi kwa presha ya maelfu ya psi, na nafasi kati ya vyuma vyake ni mikroni chache. Majivu ya oili ile hayana pa kwenda. Dizeli ya Afrika Mashariki ni ya salfa ndogo, isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), tangu Januari 2015, na ulainisho uliopotea kwa kutoa salfa unarudishwa kiwandani. Adui wako ni maji. Fungua koki ya chini ya filta ya dizeli, acha itiririke mpaka itoke safi, funga. Na usiweke chupa ya "kuchanganya maji na dizeli". Unayachukua maji yaliyokuwa yametegwa kwenye filta na kuyapeleka kwenye nozeli.

---

Fundi Kona

Ngoja niwajibu kama fundi. Mteja analeta Harrier inatoa moshi wa bluu. Ukimwambia tupime kompresheni, tufungue, tubadilishe ringi, anasema ataenda kwa mwingine. Ukimwambia chupa, analipa papo hapo. Nani mwizi hapo?

---

Kompresheni15

Fundi, Harrier hiyo ikiwa 2AZ-FE, tatizo linajulikana dunia nzima. Kwa magari ya 2006 hadi 2009 hivi, Toyota Marekani walikubali kurekebisha yaliyokula zaidi ya lita 0.95 kwa maili 1,200, yaani kama kilomita 1,930. Walichotoa ni pistoni na ringi mpya. Hawakugawa chupa, na wao ndio walioitengeneza injini hiyo.

Kabla ya kufungua kuna kazi ya asubuhi moja. Toa vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye menifoldi), pulizia upande unaotoka kwenye injini: hewa ipite kirahisi. Pulizia upande wa menifoldi: ipite kwa shida. Ikiziba au ikiachia pande zote, badilisha kwanza. Moshi ukitoka asubuhi wakati wa kuwasha tu kisha unapotea, shuku sili za vali. Ukitoka kila unapokanyaga, shuku ringi. Kisha pima: injini ya moto, plagi zote nje, soketi za nozeli zimechomolewa, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. 1NZ nzima inatoa karibu psi 213. Chini ya 156 imechoka, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Silinda iliyo chini, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi.

Ile chupa nzito ni polima tu za kufanya oili iwe nene. Moshi unapungua wiki mbili, na kila asubuhi oili inachelewa kufika juu kwenye kemshafti. Mteja akiitaka, mpe, hela ni yake. Ila kwenye risiti, chini ya ule mstari wa nne, andika na majibu ya kompresheni ya kila silinda. Na kama ulitoa themostati, andika: "gari halina themostati".